Barua ya wazi kwa viongozi wa Lindi na Mtwara: mwalimu hodari apangwe darasa la kwanza, na abaki hapo

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Lindi na Mtwara, Makatibu Tawala, Maafisa Elimu wa Mikoa na Wilaya, na Wakurugenzi wa Halmashauri zetu zote za kusini.

YAH: MGAWANYO WA WALIMU WA AWALI, DARASA LA KWANZA NA LA PILI

Shikamooni wakubwa zangu. Nanyi tulio rika moja, habari za kazi.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza katika mojawapo ya shule za msingi za Wilaya ya Newala. Ombi langu ni moja, nami nalisema mapema ili hata atakayeitwa kikaoni kabla ya kumaliza barua hii awe ameshalisikia. Kabla shule hazijafunguliwa Januari, mwelekezeni kila mwalimu mkuu ampange darasa la kwanza yule anayewazidi wenzake wote wa shule hiyo katika kufundisha kusoma, na mwalimu huyo asiondolewe hapo kwa miaka mitatu angalau. Yanayofuata ni sababu zangu.

Desturi ya shule zetu mnaijua. Mwalimu akisifika, hupandishwa darasa la saba, kwa kuwa ndiko matokeo yanakotazamwa na ndiko kata inakopangwa ya kwanza au ya mwisho. Darasa la kwanza hupewa aliyeripoti mwezi uliopita, au kijana anayejitolea huku akisubiri ajira, au mzee wa watu anayehesabu miezi ya kustaafu. Mpango huo umejengwa juu ya imani kwamba a, e, i, o, u ni jambo dogo, kila aliyesoma anaweza kulifundisha. Imani hiyo si ya kweli. Kazi inayofanyika ndani ya kichwa cha mtoto wa miaka sita anapojifunza kusoma ni nzito kuliko karibu chochote atakachokutana nacho shuleni baadaye, na anahitaji karibu yake mtu anayeielewa.

Kuongea hakuna aliyemfundisha mtoto kwa ubao na chaki. Akiishi na watu wanaosema, atasema. Kusoma ni tofauti. Binadamu ameanza kuandika miaka elfu tano tu hivi iliyopita, muda mfupi mno kwa ubongo kujiandalia sehemu ya kazi hiyo tangu kuzaliwa. Stanislas Dehaene, mwanasayansi wa ubongo kutoka Ufaransa, ameonesha kwamba anayejifunza kusoma huchukua eneo la nyuma ya ubongo, upande wa kushoto, ambalo awali lilikuwa likitambua sura na vitu, akaligeuza liwe la kutambua herufi. Eneo hilo huunganishwa na sehemu za sauti na za maana zilizokuwapo tangu alipoanza kusema. Uunganishaji huo hauji kwa kukua peke yake. Hujengwa kwa kufundishwa, kwa kurudiarudia, na kwa mpangilio maalumu.

Wakubwa zangu, fanyeni jaribio hili dogo. Mwiteni mtoto wa awali, mwulizeni: kati ya "tembo" na "sisimizi", neno lipi ni refu? Wengi watawajibu "tembo", tena kwa kujiamini, na pale Liwale ambako tembo huingia mashambani watawaonesha na urefu wa mkonga. Mtoto hakukosea kwa uzembe. Katika umri huo neno na kitu chake bado ni kimoja. Jean Piaget, yule Mswisi aliyetumia maisha yake kuchunguza namna watoto wanavyofikiri, aliandika kuhusu jambo hili karibu miaka mia moja iliyopita. Anaposikia "tembo", mtoto anamwona tembo. Hasikii sauti zinazopangana. Nasi tunataka azisikie sauti hizo, azikate vipande, kisha kila kipande akipe alama yake. Kabla hajafika kwenye alama, lazima kwanza azinduke kwamba neno lina umbo lake lenyewe, mbali na kitu linachokitaja.

Kwa hiyo kusoma huanzia masikioni. Mwaka 1983 Lynette Bradley na Peter Bryant wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha utafiti waliofuatilia mamia ya watoto tangu wakiwa na miaka minne na mitano. Waliokuwa wepesi kubagua maneno yanayofanana kwa sauti, kabla hata hawajajua kusoma, ndio waliokuja kuwa wasomaji wazuri miaka kadhaa baadaye. Na wale waliofundishwa kucheza na sauti huku wakioneshwa herufi zake walisonga mbele kuliko wenzao. Kiswahili kinatusaidia sana hapa, maana silabi zake ziko wazi na zinapigika makofi. Ko-ro-sho. Mu-ho-go. Mtoto wa miaka mitano anaweza hivyo bila taabu. Watoto wakubwa kidogo hucheza kinyume, wakachukua silabi ya mwisho na kuitanguliza, chakula kikawa "lachaku" na nyumba ikawa "mbanyu", nasi watu wazima tukawakemea kwamba wanapiga kelele. Mtoto anayecheza kinyume anafanya kwa hiari yake zoezi zuri la sauti kuliko mengi niliyowahi kuyaona kwenye kiongozi cha mwalimu. Vitendawili, nyimbo za kugonga makofi na ukuti ukuti ni mali ya darasa la awali na darasa la kwanza. Mwalimu asiyejua kwa nini anaimbisha ataimbisha ili darasa lichangamke, basi. Anayejua atasimamisha wimbo katikati na kuuliza: "Nani kasikia maneno mawili yanayoanza na mmm?"

Kushuka kutoka silabi hadi sauti mojamoja ni hatua ngumu zaidi, na haiji kwa umri. Mwaka 1979 José Morais na wenzake waliwapima watu wazima wa vijijini Ureno ambao hawakupata kusoma. Walikuwa watu wenye akili timamu, wenye familia na kazi zao, lakini walipoambiwa watoe sauti ya kwanza kwenye neno waseme kinachobaki, wengi walishindwa. Majirani zao waliojifunza kusoma ukubwani waliweza. Nalitaja hili kwa sababu mbili. Kwanza, mzazi wa Nanyumbu au Ruangwa asiyejua kusoma si mjinga, na mtoto wake hakuzaliwa na upungufu wowote. Pili, hakuna mtoto atakayezinduka juu ya sauti hizo kwa kusubiriwa akue.

Kusubiri kuna historia yake. Mwaka 1931 huko Marekani, Mabel Morphett na Carleton Washburne walitangaza kwamba mtoto asifundishwe kusoma mpaka akili yake ifikie umri wa miaka sita na nusu. Neno hilo lilitawala shule nyingi kwa miongo, mpaka wengine walipoonesha kwamba utayari unategemea sana namna mtoto anavyofundishwa. Huku kwetu bado nalisikia kwa sura nyingine: "Huyo mwache, akifika darasa la tatu atafunguka." Hafunguki. Darasa la tatu masomo yanaongezeka, kila kitabu kinadhani mtoto anasoma, na yule asiyesoma hukaa nyuma akinakili maumbo ubaoni kama anayechora.

Nirudi kwenye herufi zenyewe. Mbuzi akitazama Masasi ni mbuzi, akigeuka akatazama Tandahimba ni mbuzi yule yule. Ubongo wa mtoto umefundwa hivyo tangu uchangani, kwamba kitu hakibadiliki kwa kugeuzwa, na maarifa hayo yamemfaa sana. Sasa anafika darasani, tunamwambia kwamba hiki kijiti chenye tumbo kikitazama kulia ni b, kikitazama kushoto ni d. Pindua n uipate u. Mtoto wa miaka sita anayeandika "dada" akatokea "baba" hana ugonjwa wala ukaidi. Anatumia kanuni iliyokuwa sahihi kwa kila kitu alichokiona maishani mwake mpaka jana. Mwalimu anayelijua hili hafundishi b na d wiki moja. Huanza na moja, mtoto akaichora mchangani kwa kidole huku akitamka sauti yake, mkono ukazoea uelekeo, na baada ya majuma ndipo huleta ya pili. Asiyelijua hushika fimbo. Na fimbo, pamoja na uchungu wake, inaharibu kitu kingine nitakachokieleza baada ya muda mfupi.

Kwetu kuna jambo la ziada. Watoto wetu wengi asubuhi wako shule na jioni wako chuoni (madrasa) kwa maalimu, wanasoma Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto. Naliona ni baraka. Mtoto aliyekwishajua kwamba alama ina sauti, na kwamba irabu hubadili sauti ya herufi, ameshajua siri kubwa ya uandishi, na siri hiyo ni moja kwa maandishi yote mawili. Anachohitaji ni mwalimu wa shule kumwonesha waziwazi, kwa kidole, kwamba hapa tunaanzia upande huu. Ni sentensi moja tu, lakini mwalimu mgeni wa darasa haijui haja yake.

Sasa kumbukumbu. Mtoto wa miaka sita anaweza kushika akilini, kwa wakati mmoja, vitu vitatu hivi au vinne. Mtazameni akisoma "walimpelekea". Wa. Li. M. Pe. Anapofika "ke" ameshasahau kwamba ilianza na "wa". Na lugha yetu huweka mzigo mkubwa ndani ya neno moja: mtenda yuko mwanzoni, wakati unafuata, kisha anayetendewa, na mwishoni imejificha habari kwamba jambo lilifanywa kwa ajili ya mtu. Kikipotea kipande kimoja, sentensi nzima imepotea. Ndiyo maana wasiwasi wetu kuhusu kasi una msingi. Lengo lililowekwa kitaifa kwa darasa la pili ni maneno 50 kwa dakika, tena kwa kuelewa. Watu wengine hudhani tunataka watoto wakimbie. Sivyo. Asiyezitambua silabi papo hapo hutumia nguvu yote ya kumbukumbu kuzifumbua, na hakibaki kitu cha kuelewa habari. Hofu nayo hukaa kwenye nafasi hiyo hiyo finyu. Mtoto anayesubiri fimbo ana kitu kimoja kikubwa akilini, na kitu hicho si silabi.

Upimaji uliofanyika nchini mwaka 2013 ulionesha kwamba chini ya mtoto mmoja kati ya kumi wa darasa la pili ndiye aliyekuwa akisoma kwa kiwango hicho. Taifa lilishituka, na kwa haki. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukabadilishwa mwaka 2015 ukaelekezwa kwenye KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Miradi ya kuboresha elimu ikafuata, EQUIP-T ikaja Lindi, Tusome Pamoja ikaja Mtwara, walimu wakafundwa, vitabu vikaletwa. Nasema kwa moyo mweupe kwamba mafunzo yale yalikuwa mazuri. Lakini tazameni leo waliko walimu waliofundwa. Nawafahamu wengi. Walipojulikana kuwa ni wazuri walipandishwa madarasa ya juu, wengine wakahamishwa wilaya, wengine wakapewa ualimu mkuu. Ujuzi uliogharimu fedha nyingi ukawafuata walikokwenda, na darasa la kwanza likarudi kwa mgeni.

Na darasa linaloongozwa na mgeni lina dalili yake. Simameni nje ya dirisha. Mtasikia sauti mia moja zikiimba kwa pamoja: ba be bi bo bu, ma me mi mo mu. Ni sauti nzuri, na mkaguzi akipita atafurahi. Ingieni ndani, mguseni mtoto mmoja bega, mwoneshe "mo" peke yake, nje ya mstari wake. Wengi hawaijui. Wameushika wimbo. Watoto wa umri huu wana kipaji cha kukariri, na kipaji hicho kinawaficha. Wapo wanaokariri ukurasa mzima wa kitabu kwa kuangalia picha. Funikeni picha, ukurasa unanyamaza. Mwalimu hodari hufunika picha kila siku, huchanganya silabi, huunda neno ambalo halipo duniani, "bome", "kuda", aone kama mtoto anasoma au anakumbuka.

Vilevile anajua kwamba si kila silabi ina uzito sawa. Mtoto aliyezoea ba na ma anakutana na jina la mkoa wake mwenyewe, Mtwara, ambamo m inasimama peke yake na nyuma yake kuna "twa". Ruangwa ina herufi tatu zilizobanana kabla ya irabu. Ng'apa pale Lindi ina ng' isiyofanana na ng ya Mingoyo. Hatua hizi zinataka zifundishwe moja baada ya nyingine, kwa subira, na mtu anayekumbuka jana mtoto alikwama wapi.

Halafu kuna lugha. Huku uwandani na bara ya Lindi, watoto wengi hufika shule na Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua mdomoni. Kiswahili wanacho, lakini mara nyingi ni kile cha dukani na barabarani. Lugha kadhaa kati ya hizo zinatumia "chi" mahali ambapo Kiswahili kinasema "ki". Mtoto akiona "kitabu" akatamka "chitabu", amesoma. Ameitambua alama, akaitamka kwa mdomo wa nyumbani kwao. Vivyo hivyo r na l zinapobadilishana. Mwalimu aliyetoka mbali anaweza kumhesabia kosa, darasa likacheka, na mtoto huyo asifungue kinywa tena mpaka Machi. Nimelishuhudia hilo mara nyingi kiasi cha kuniuma. Wanaojua lugha za hapa ni hazina ya darasa la kwanza. Mkiwapanga walimu, litazameni hilo pia.

Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer waliandika kwamba kuelewa unachosoma ni zao la vitu viwili, kufumbua maandishi na kuelewa lugha yenyewe, na vitu hivyo huzidishwa, havijumlishwi. Sifuri mara mia ni sifuri. Mtoto anayefumbua kila silabi lakini hajui maana ya neno hajasoma, na mwenye maneno tele asiyefumbua hajasoma. Ndiyo maana hadithi za mdomo hazipaswi kuondoka darasani hata siku moja. Mtoto wa Kitangali aelezwe jahazi na pweza kabla hajavikuta kitabuni, na wa Kilwa Masoko aelezwe kubangua korosho. Bibi na babu wanaojua ngano waalikwe. Hili halina gharama.

Sasa niwape habari njema, kwa sababu ipo. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wa nchi nyingi za Ulaya mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa kufundishwa kusoma. Watoto wa Ufini, ambao huanza shule na miaka saba, walisoma sawasawa asilimia 98 ya maneno waliyozoea. Wa Uskoti, wanaosoma Kiingereza, walipata asilimia 34. Akili zao hazikutofautiana. Kifini huandikwa kinavyotamkwa, Kiingereza sivyo. Na Kiswahili, Waheshimiwa, kiko upande wa Kifini. Irabu tano, kila moja na sauti yake isiyobadilika, silabi zilizo wazi, maneno yanayoandikwa kama yanavyosemwa. Watoto wetu wamepewa lugha iliyo miongoni mwa nyepesi kabisa kufumbua. Mwaka mmoja wa kufundishwa vizuri unatosha mtoto kufumbua neno lolote. Mtoto anayefika darasa la nne hajui kusoma Kiswahili amenyimwa mwaka huo mmoja.

Najua mtaniuliza idadi. Kiwango cha serikali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja wa awali na 45 kwa wa shule ya msingi. Yako madarasa ya kwanza yenye watoto 120. Kipindi cha dakika 30 kikigawanywa kwa watoto hao, kila mmoja anapata sekunde 15, mwalimu asipovuta pumzi. Siwaombi muajiri walimu ambao bajeti haina. Naomba, kama shule ina walimu wanane na darasa la kwanza lina watoto 120, wawili kati ya wanane wawe hapo, hata ikilazimu darasa la sita na la saba waunganishwe kwa baadhi ya vipindi. Watoto wa darasa la saba wanaosoma vizuri wanaweza kufanya zoezi bila kusimamiwa. Wa darasa la kwanza hawawezi.

Kuna suala la kalenda yetu ya kusini, ambalo huko juu halionekani vizuri. Shule hufunguliwa Januari, chakula kikiwa kimepungua majumbani na mazao mapya bado shambani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 na Christopher Kuzawa na wenzake ulionesha kwamba ubongo wa mtoto wa miaka mitano hivi hutumia zaidi ya asilimia 40 ya nguvu yote ambayo mwili wake unaihitaji. Mtoto aliyekuja bila kula anapofika silabi ya tatu hana cha kufikiria nacho. Kijiji kinachopika uji Januari hadi Machi kwa watoto wa awali na darasa la kwanza kinafanya kazi ya kufundisha kusoma, na maafisa watendaji wa vijiji waambiwe hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Niongeze moja dogo la chumvi. Pwani yetu hutengeneza chumvi nyingi isiyotiwa madini joto, na upungufu wa madini hayo kwa mama mjamzito huathiri ubongo wa mtoto kabla hajazaliwa. Hilo ni la Idara ya Afya, lakini matokeo yake yanakaa kwenye madawati yangu.

Kisha kuanzia Oktoba korosho zinaanguka. Sitawalaumu wazazi. Korosho ndiyo sare, ndiyo daftari, ndiyo bati la nyumba. Lakini mtoto wa darasa la kwanza anayeokota korosho kwa wiki kadhaa anapoteza silabi alizozishika karibuni, kwa kuwa kilichojengwa upya kichwani kinahitaji kurudiwa karibukaribu mpaka kikomae. Miezi ya jando na unyago, wazee wetu wakiiweka ndani ya likizo ndefu kama wengi wanavyofanya sasa, haitusumbui. Kwa hiyo naomba upimaji wa kusoma kwa darasa la kwanza ufanyike Agosti, kabla ya msimu, usingoje Novemba. Uwe upimaji wa kumsikiliza mtoto mmojammoja kwa dakika moja, akisoma maneno ambayo hajayakariri. Anayebainika amekwama awe na Septemba nzima ya kusaidiwa akiwa bado yupo darasani. Upimaji wa Novemba hutuambia nani ameshindwa. Wa Agosti hutuambia nani wa kumkimbilia.

Macho na masikio yapimwe Februari. Mtoto asiyesikia vizuri tofauti ya f na v tunamwita mzito, kumbe ana usaha sikioni. Muuguzi wa zahanati na mwalimu wanaweza kulimaliza hilo kwa asubuhi moja kwa kila darasa, na watakaotiliwa shaka wapelekwe hospitali ya wilaya.

Vikao vya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, vipo. Naomba walimu wa awali, la kwanza na la pili wawe na kikao chao wenyewe katika ngazi ya kata, wajadili b na d, wajadili ng', wabadilishane hadithi, bila kuchanganywa na mada za mtihani wa darasa la saba ambazo humeza kila kikao. Halmashauri zinazokusanya ushuru wa korosho zitenge fungu, hata dogo, la vitabu vya hadithi vyenye maneno machache na picha za maisha ya huku, vikae darasani mikononi mwa watoto. Vitabu vilivyofungiwa kabatini ofisini kwa hofu ya kuchanika havijawahi kumfundisha mtu. Kitabu kilichochanika kwa kusomwa kimelipa bei yake.

Na heshima. Siku ya kugawa zawadi za elimu, anayeitwa mbele ni mwalimu wa somo lililopata alama A nyingi darasa la saba. Anastahili. Lakini watoto wale walisoma swali la mtihani kwa sababu miaka sita au saba kabla, mtu fulani alikaa nao mchangani akiwashika kidole. Mwiteni na huyo. Nyumba ya mwalimu ikikamilika kijijini, mfikirieni kwanza yeye, ili abaki. Kijana anayejitolea apangwe kumsaidia, ajifunze kwake kwa mwaka mzima, ndipo naye apewe darasa.

Kwa kawaida walimu wakuu hupanga mgawanyo wa madarasa mwezi Desemba. Waraka wenu ukiwafikia mwishoni mwa Novemba, utatekelezeka Januari hii hii bila kuongeza mshahara wa mtu hata mmoja. Uagize mambo matatu: jina la mwalimu wa darasa la kwanza liwasilishwe kwa Afisa Elimu Kata pamoja na maelezo ya kwa nini amechaguliwa yeye, asihamishwe bila kibali cha maandishi cha Afisa Elimu wa Wilaya, na tarehe ya upimaji wa Agosti itangazwe mapema kwa wazazi, kijiji kwa kijiji.

Niko tayari kuja ofisini kueleza zaidi, na darasa langu liko wazi kwa yeyote kati yenu atakayependa kuja asubuhi, akae kwenye mkeka, amsikilize mtoto mmoja akisoma.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa darasa la kwanza
Wilaya ya Newala, Mtwara